Mboga za kugawa zimeniletea kelele mtaani, niache au niendelee?

Shangazi shikamoo.

Naomba unisaidie maana nimeshaanza kuichukia bustani yangu mwenyewe, na zamani nilikuwa nikitoka kazini naenda huko kwanza kabla hata sijavua viatu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Kihonda hapa Morogoro, kiwanja chetu sio kikubwa ila nyuma ya nyumba kulibaki eneo ambalo baba watoto alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, hela ikagoma, nikamwambia basi niachie nilime mboga mpaka hela itakapopatikana. Nikaanza na matuta mawili ya mchicha na chainizi, yakatutosha kabisa, mboga sinunui. Sasa si unajua mchicha unavyokuja wote kwa mkupuo, wiki hii hamna kitu wiki ijayo huna pa kuupeleka, nikawa nagawa kwa majirani, watu wakafurahi mno na mimi nikapata moyo, nikaongeza matuta mengine manne ya makusudi kabisa ya kugawa, matembele, bamia, nyanya chungu na mchicha tena. Sikuwa na nia nyingine yoyote shangazi. Mi nimelelewa na bibi kijijini, huko mboga za majani zilikuwa hazinunuliwi, unapiga hodi kwa mwenzio unachuma unarudi kupika.

Mwanzo ilikuwa raha tupu, saa hizi ni kero. Watu wanaingia hata nisipokuwepo, watoto wanatumwa, wananing'olea matembele na mizizi yake wakati matembele hayang'olewi yanachumwa, juzi nimerudi jioni nakuta chainizi za tuta langu la nyumbani zimenyofolewa mpaka kile kichipukizi cha katikati, yaani hazitoi tena. Nikiuliza naambiwa "si ulisema tuje tuchume".

Halafu kuna jirani mmoja ambaye nilikuwa nampa kuliko wote maana mume wake hana kazi ya kueleweka, mwanangu wa kwanza akamkuta kituo cha boda ameweka mafungu ya bamia na mchicha ya mia tano mia tano, yamefungwa na kamba ileile ya mgomba ninayofungia mimi. Sijamuuliza mpaka leo ila nikimuona roho inaniuma, najiona mjinga.

Mama wa genge pale kona ndo kabisa hanisalimii. Nimeletewa maneno kwamba anasema kuna watu wanakula mishahara ya waume zao wanacheza na riziki za wenzao. Na mimi mshahara ninao wangu jamani! Mwingine ni jirani mgeni, wamehamia nyumba ya pembeni, nikamtuma binti na mfuko wa mboga ili tujuane tu, mfuko ukarudi vilevile na ujumbe "mwambie mama tunashukuru ila sisi mboga huwa tunanunua". Nilijisikia vibaya sana.

Kama haitoshi, baba watoto kaleta bili ya maji kaiweka mezani mbele ya watoto, anasema namwagilia mtaa mzima kwa hela yake. Kusema ukweli kiangazi hiki maji nimetumia mengi, namwagilia na mpira asubuhi na jioni.

Dada yangu ananiambia niuze tu kila kitu nifunge geti. Rafiki yangu anasema ning'oe nibaki na tuta langu moja. Ila kuna bibi mmoja nyumba ya tatu kutoka kwangu analea wajukuu wanne peke yake, najua kabisa siku nisipompelekea wanakula ugali na chumvi au maharage ya kukopa. Nikifunga, yule bibi nitamwambiaje? Nifanye nini shangazi maana kugawa napenda lakini hivi ninavyogawa nitagombana na kila mtu.

Halafu nisaidie na hili, bamia zangu zinawahi kuwa ngumu kama mti, nakosea wapi?

Mama Matuta, Morogoro


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikacheka pale kwenye kamba ya mgomba, samahani, najua wewe hucheki. Nianze na kile ninachokiona halafu tutaenda kwa mmoja mmoja. Wewe umelima kwanza ndo ukaanza kutafuta wa kumpa. Matuta manne yakaiva kwa pamoja, ukafungua geti, ukasema njooni. Anayekuja kwenye "njooni" ni mwenye miguu myepesi, sio mwenye shida, na ndo maana yule bibi inabidi umpelekee wewe wakati wenye nguvu zao wanajichumia hadi kichipukizi. Tuta la kugawa linatakiwa liwe na mwenyewe kabla hujamwaga mbegu, ujue hili ni la bibi, hili ni la fulani, hili ni la kuuza lilipe maji.

Kuna mwandishi mmoja wa safu ya bustani kule Anchorage, Alaska, anaitwa Jeff Lowenfels, mwaka 1995 aliwaomba wasomaji wake kila mmoja aongeze mstari mmoja tu wa mboga kwenye bustani yake kwa ajili ya Bean's Cafe, sehemu inayopikia watu wasio na makazi. Baadae chama cha waandishi wa bustani kikalichukua wazo hilo likaenea Marekani nzima. Kilichonivutia mimi ni kwamba wale watu walipanda wakijua mboga inakwenda jiko gani, na ilikuwa mstari mmoja, sio matuta manne kwa mpigo na bili ya maji juu.

Haya, geti. Funga. Tena usione aibu, na sababu nakupa ambayo hakuna atakayebisha. Nyanya chungu na bamia wadudu wanazipenda, leo hujapiga dawa lakini siku utapiga, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo, nyingine siku tatu, nyingine wiki mbili au zaidi. Pale chini ya lebo kuna mstari wa rangi, nyekundu ni sumu kali mno, njano ni kali, bluu nafuu kidogo, kijani ndo yenye hatari ndogo, na hata ya kijani siku zake uzisubiri. Sasa wewe umepulizia asubuhi umeenda kazini, mtoto wa watu katumwa mboga saa nne, kachuma, saa saba wamekula. Utamjibu nini mama yake? Kwahiyo unawatangazia wote bila kumlenga mtu kwamba kuanzia sasa hamna kuchuma nisipokuwepo, bustani inapigwa dawa, mboga mtapata kwangu siku fulani na fulani jioni. Chagua siku mbili za wiki zinatosha. Na mbolea vilevile, kama unatumia samadi mbichi ya kuku au ng'ombe acha kwanza, iache ioze vizuri miezi kadhaa maana mboga za majani zinakaa karibu na udongo na watu wengine kuosha kwao ni kupitisha tu kwenye maji.

Ila kwa wale wa hodi hodi za mara moja moja, ambao wameishiwa tu hawana hela ya mboga leo, fanya hivi. Nje ya fensi yako, upande wa barabara, masika ikianza panda kisamvu cha mpira. Unakata vijiti unachomeka, kikishika hakitaki maji yako tena, kinakuwa mti, kinachumwa mwaka mzima, na anayepita anachuma bila kuingia kwako wala kukuomba. Matembele pia, tupia mengine hukohuko nje. Kwenye Biblia, Walawi 19, watu waliambiwa wakivuna wasimalize pembe za shamba, waziache kwa maskini na mgeni, na ukisoma utaona hawakuambiwa wawapelekee nyumbani na mfuko, walitakiwa waziache tu mwenye shida aje achume mwenyewe. Na ndugu zetu Waislamu wanayo hadithi kwamba ukipanda mti akala mtu au ndege au mnyama inaandikwa kwako sadaka. Kwahiyo fensi yako ina kazi. Waambie tu kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe sana maana kikiwa kibichi kina sumu, wengi wanajua ila wapangaji wapya wa mjini sio wote.

Mama wa genge sasa, na hapa nitakusema kidogo. Maneno ya mishahara ya waume hayakuwa mazuri, lakini hebu jiweke kwake. Anaamka usiku wa manane anawahi mzigo sokoni, mboga zimeteremka kutoka Mgeta huko na milimani, amelipa nauli na mbebaji na ushuru, anarudi kupanga mafungu kona, halafu mchicha unapita mbele yake bure siku nzima, jioni wake unanyauka anamwaga. Mchicha haulali mpaka kesho kutwa mwanangu, yule hasara yake ni ya siku hiyohiyo. Nenda kanunue vitunguu kwake, usiende na maneno ya kuletewa, muulize tu mchicha anachukua kwa shilingi ngapi sokoni. Halafu mwambie una tuta mbili unaweza kumuuzia wewe kwa jumla, bei ya chini kidogo ya sokoni, na mzigo anaufuata hapohapo kwa miguu bila nauli. Atakataa? Sidhani. Unapata hela ya maji, yeye anapata mboga mbichi isiyosinyaa njiani.

Na za kugawa bure panda zile ambazo yeye hauzi. Mgagani, mnavu, majani ya maboga, hicho kisamvu. Mchicha na chainizi ndo riziki yake, hizo gawa kwa watu ambao hata usipowapa hawaendi gengeni, kama bibi yako. Yule hakuwa mteja wake tangu mwanzo, mama genge hapotezi kitu. Ila yule jirani mwenye gari anayekuja na mfuko wa rambo kuchuma mchicha wa bure (najua yupo, kila mtaa yupo), huyo ni mteja wa watu umemchukua.

Huyu wa mafungu ya mia tano. Najua roho inauma lakini mboga ukishampa mtu ni yake, akila akiuza akilisha kuku. Alichokwambia kwa vitendo ni kwamba shida yake sio mboga, ni hela, unga hana, mafuta hana, mboga peke yake hailiwi. Ila mdomoni hawezi kusema. Mimi ningemwita siku tulivu, simfokei na wala siulizi kuhusu kituo cha boda, namwambia mwenzangu mi kazini nachelewa kurudi na matuta yamenishinda, tuta hili la bamia chukua wewe ulihudumie, umwagilie, uvune, uuze, nusu yako nusu yangu. Akikubali akafanya kazi umepata mshirika na mlinzi wa bustani mchana. Akikataa au akalala, basi, umeshajua, anarudi kwenye foleni ya siku mbili za wiki na wenzake na anapata fungu moja la kupika. Na usimtangaze mtaani, tafadhali. Mwanao naye mwambie anyamaze.

Kwa jirani mgeni umekosea njia tu, nia ilikuwa nzuri. Mtu kahama juzi, hajui watu, anaona mtoto kaja na mfuko wa mchicha, anaweza kufikiri ameshaonekana hana kitu, au ameshasikia mtaa mzima unakula kwako akasema mimi simo. Mwache wiki kadhaa kisha wewe ndo ukamuombe kitu. Kama anapikia mkaa muombe majivu, kama anafuga kuku muombe samadi, kama hana vyote muombe siku ukisafiri akumwagilie. Akishakupa kitu na wewe ukimpa mboga anapokea bila shida, wote mmetoa. Wengi tunapenda kupewa, ila kupewa tu kila siku bila kurudisha kunachosha hata anayepewa, wengine wanaanza kukukwepa njiani ukafikiri wana roho mbaya.

Kuna kitu kingine cha kugawa nashangaa hukukitaja. Mbegu! Mchicha uache miche michache minene ikomae, kichwa kikikauka unakikung'utia kwenye kanga, unapepeta, unaanika kivulini, mche mmoja tu unakupa mbegu za mtaa. Uwe tu mchicha wa kawaida sio mbegu chotara maana za chotara ukizirudia hazitoki kama mama yake. Matembele ndo rahisi zaidi, kata shina la urefu wa kama sentimita 30, vifundo vitatu vinne vizame kwenye udongo, mwezi na nusu hivi mtu anaanza kuchuma kwake. Hata mpangaji asiye na eneo anajaza udongo na samadi kwenye kiroba, anatoboa pembeni, anapanda. Wale kumi wanaokuja kwako wakiwa na viroba viwili viwili, nusu ya barua yako inaisha. Watakaosema "aah mi sina muda wa kumwagilia" nao utawajua.

Baba watoto. Mwanangu huyu baba ana hoja, sema tu kaiweka vibaya, mbele ya watoto haikutakiwa. Tupige hesabu. Tuta la mita moja kwa tano siku ya jua kali linakunywa ndoo ya lita 20 mpaka mbili. Matuta sita kwa ndoo mbili ni lita 240 kwa siku, kwa mwezi lita 7,200, yuniti saba na kitu (yuniti moja ni lita 1,000), zidisha na bei ya yuniti kwenye bili yenu. Na hiyo ni kwa ndoo au keni, kwa mpira unaouacha umelala kwenye tuta huku unapika chai ni habari nyingine kabisa. Acha mpira. Mwagilia mara moja, jioni au asubuhi mapema, kwenye shina. Nenda mashine za mpunga kachukue pumba, Morogoro hapo zipo za kumwaga, au tafuta nyasi kavu, tandaza kati ya mimea, udongo haukauki haraka. Maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia vyombo yasiyo na mafuta mengi peleka kwenye matembele, mwaga chini sio juu ya majani.

Na kiangazi punguza! Kuanzia Juni mpaka mvua za vuli zianze, Oktoba huko, bakiza tuta lako la nyumbani, la bibi, na moja la mama genge linalolipa bili. Mengine yaache yapumzike, yafunike na majani. Masika yakija Mungu anamwagilia mwenyewe, hapo panua utakavyo. Na hela ya mama genge ya kwanza usiitumie, mpe baba watoto mkononi umwambie hii ya maji. Ataacha kelele, na jioni utamuona anazunguka bustanini na tochi kuangalia kama kuna konokono.

Huo mkupuo wa mchicha unaokusumbua nao una dawa yake. Usimwage mbegu tuta zima siku moja. Ligawe vipande vinne, kila wiki mwaga kipande kimoja, cha kwanza kikifika wiki ya tatu ya nne unakula na cha mwisho ndo kinaota. Halafu usiung'oe wote, ukifika urefu wa kiganja au zaidi kata juu acha vifundo viwili vitatu chini, unachipua tena. Ukizidi kabisa na hamna wa kumpa, chovya maji ya moto dakika mbili tatu, anika kivulini pakavu penye upepo, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Wagogo hapo jirani zako wanakausha mboga miaka yote na njaa ya kiangazi wanaivuka nazo. Bibi na wajukuu wakipata ndoo ya mboga kavu mwezi wa tisa watakukumbuka kuliko mchicha wa Aprili ambao kila mtu anao.

Yule bibi usimwingize kwenye foleni ya siku mbili. Mpelekee, au tuma binti, jioni jioni bila kelele, na mjukuu wake mkubwa mfundishe kuchuma matembele bila kung'oa, aje anapojua upo. Kama una uwezo ongeza na mayai mara moja moja maana watoto hawakui kwa majani tu.

Bamia sasa. Hukosei kwenye kulima, unakosea kwenye kuvuna. Bamia likishatoa ua, tunda linakuwa tayari siku nne mpaka sita hivi, ukisubiri siku ya mapumziko ushachelewa. Pita na kisu kila baada ya siku moja, kata yakiwa na urefu wa kidole, hata kama leo hupiki, maana yakikomaa kwenye mti mti unapunguza kuzaa. Vaa mikono mirefu yale majani yanawasha. Yaliyokwisha kuwa magumu usijisumbue kuyachemsha, yaache yakauke hukohuko mpaka yapasuke, hizo ndo mbegu za yule mwenzio wa mafungu mtakapoanza msimu.